Mdogo wangu ameokoka lakini bado anakunywa methadoni: je, Mungu hajamponya?

Swali la msomaji, Dar es Salaam:

"Bwana Yesu asifiwe, mshauri. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 31, na amekuwa akitumia unga, yaani heroini, tangu kidato cha tatu. Mama alituacha kwa bibi yeye akiwa hajatimiza miaka miwili, akaenda mjini kutafuta maisha. Baba hatukumjua. Mwaka juzi aliokoka kwenye mkutano wa injili, akawaka kweli kweli, akakaa karibu miezi minne bila kugusa kitu, halafu akarudi maskani, kijiwe cha watumiaji. Sasa anakunywa methadoni kila siku na ametulia. Mchungaji wetu anasema huko ni kubadilisha pepo kwa pepo. Aache dawa, aingie kwenye mfungo, na Pasaka atoe ushuhuda. Redioni nako nimesikia kwamba uraibu unatokana na kukosa upendo wa mama utotoni. Je, ni kweli? Na imani inaponya, au tunajidanganya? Mimi mwenyewe nimechoka, hata kumwombea siwezi tena."

Jibu:

Dada yangu, Bwana asifiwe sana. Nianze na lile lisiloweza kusubiri. Mdogo wako asiache methadoni, dawa ya kliniki ya kutibu uraibu wa heroini, kwa ajili ya mfungo, wala kwa ajili ya Pasaka, wala kwa agizo la mtu yeyote asiyemtibu. Mengine tutayazungumza taratibu, lakini hili lina kifo ndani yake. Mtu akikaa wiki kadhaa bila heroini wala dawa ya jamii yake, mwili unapoteza uwezo wa kuhimili dozi aliyoizoea. Siku akiteleza na kutumia kiasi kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukatika akiwa usingizini. Ndiyo sababu siku za kwanza baada ya kutoka gerezani au kwenye nyumba ya kuachia dawa ni za hatari kuliko zote kwa mraibu wa heroini, na anayetoka kwenye kambi ya maombi yuko katika hatari ile ile. Amesafika, na kusafika kwake ndiko kunakomfanya azidiwe.

Methadoni si unga uliobadilishwa jina. Kete ya heroini inapanda haraka na kushuka haraka. Saa chache baadaye arosto inaanza: miayo, makamasi, mifupa kuuma, kuhara, kutapika, usingizi kukata. Mtu wa namna hiyo anaishi kwa kuhesabu saa, na kila saa anawaza pesa ya kete inayofuata itatoka wapi. Methadoni inakaa mwilini zaidi ya siku nzima. Dozi ikishapangwa vizuri haimpi mtu stimu, inamwondolea arosto, na hata akivuta unga juu yake hapati ule utamu aliokuwa akiutafuta. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Hapa kwetu Muhimbili walianza kuitoa Februari 2011, Kenya wakafuata mwishoni mwa 2014, na wapo watu waliofika kliniki wakiwa mifupa mitupu ambao leo wanaendesha bajaji, wana wake na watoto. Kupunguza dozi kunawezekana, lakini ni kazi ya miezi mingi, tone kwa tone, yeye na wauguzi wake wakikubaliana. Wengine hukaa na dawa miaka mingi, na hakuna aibu yoyote katika hilo.

Nigusie na jambo dogo ambalo familia nyingi hazilijui. Akianzishiwa dawa za TB, ile inayoitwa rifampisini hupunguza nguvu ya methadoni mwilini, na baadhi ya dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi hufanya hivyo hivyo. Arosto inarudi, nyumbani mnasema ameanza tena, kumbe ni dawa zinagongana. Kliniki wakiambiwa mapema wanaongeza dozi na mambo yanatulia.

Sasa tuje kwenye ulichosikia redioni. Kuna ukweli ndani yake, ila umepindishwa kidogo, na ukipindishwa hivyo unawaumiza akina mama bure.

Miaka baada ya Vita Kuu ya Pili, daktari wa akili wa Uingereza aitwaye John Bowlby alifikia hoja ambayo wenzake wengi hawakuikubali: mtoto hamng'ang'anii mama kwa sababu ya maziwa tu. Amezaliwa na haja ya kuwa karibu na mtu fulani anayempa usalama, na haja hiyo ni ya kweli kama njaa. Hicho ndicho wanasaikolojia wanachokiita mfungamano. Mwenzake, Mary Ainsworth, alikuja kulitazama jambo hilo huku kwetu. Alifika Kampala mwaka 1954, akawa anatembelea familia 26 za Waganda kwenye vijiji vya jirani, anakaa na akina mama sebuleni, anawaangalia wachanga wao kwa miezi. Aliona mtoto anavyotambaa kwenda mbali na mama, anavyogeuka kuhakikisha bado yupo, anavyorudi mbio akiingia mgeni. Na aliona kwamba mtoto ambaye mama yake anamwelewa na kumjibu ndiye anayethubutu kwenda mbali zaidi. Kitabu chake kuhusu watoto wa Uganda kilitoka mwaka 1967. Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema haya ni mambo ya Wazungu, mwambie mengi yalionekana kwanza kwenye mikeka ya Buganda.

Mtoto ambaye watu wake wanakuja na kutoweka hujifunza kuishi na hali hiyo. Wengine hushika kwa nguvu na wasiamini hata wakishikwa, kila mara wana hofu ya kuachwa. Wengine hufunga mlango wa ndani: hawalii, hawaombi, wanasifiwa kuwa wapole na wasiosumbua. Sijui mdogo wako alikuwa wa namna gani, lakini wewe uliyekua naye unajua.

Hata hivyo, tusimhukumu mama yenu. Mtoto anaweza kufungamana na zaidi ya mtu mmoja, na bibi aliyewalea hakuwa mtu wa akiba. Wako maelfu walioachwa kwa bibi zao na hawajawahi kuijua kete, na wako waliolelewa kwenye mapaja ya mama na baba wakaishia maskani. Marafiki, mtaa, kipigo, msiba, ukosefu wa kazi, mwili aliozaliwa nao mtu, unga kupatikana kirahisi kuliko ada ya shule: vyote vinaingia. Kutengwa mapema na mama kunaongeza hatari. Hakuandiki hatima ya mtu.

Ila kuna sababu ya kimwili inayofanya unga na upweke vielewane kiasi hiki. Ubongo una kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, endofini, na heroini inakaa kwenye vipokezi vile vile ambavyo Mungu aliviumba kwa ajili ya hizo. Vipokezi hivyo havihusiki na jeraha la mguu tu, vinahusika pia na uchungu wa kutengwa na kutulia unapokumbatiwa. Mwaka 1978 mtafiti wa Marekani, Jaak Panksepp, na wenzake walionyesha kwamba mtoto wa mbwa aliyetenganishwa na mama yake hupunguza kulia akipewa mofini kidogo sana, dozi ambayo hata haimlazi. Vijana ninaokaa nao hawajasoma utafiti huo, lakini nikiwauliza mara ya kwanza ilikuwaje, mara nyingi hawaongelei raha. Kijana mmoja aliniambia alijisikia kama amefunikwa blanketi usiku wa mvua, naye hakuwa amewahi kufunikwa na mtu. Kete haimwambii mtu arudi kesho, wala haimuulizi alikuwa wapi. Kwa mtu aliyejifunza mapema kwamba binadamu huondoka, kupata kitu kinachoitika kila kikiitwa ni jambo kubwa sana. Ndiyo maana kumwambia "acha tu" ni sawa na kumwambia avunje uhusiano pekee ambao haujawahi kumwangusha, hata kama unamuua.

Hapo ndipo imani inapoingia, na hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu swali lako kubwa ni hili.

Watafiti wawili, Lee Kirkpatrick wa Marekani na Pehr Granqvist wa Sweden, wametumia miaka mingi kuchunguza namna watu wanavyofungamana na Mungu. Muumini hufanya kwa Mungu yale yale ambayo mtoto hufanya kwa mzazi: anamkimbilia akiogopa, anamtafuta akiumia, anapata ujasiri wa kutoka kwa sababu anajua ana pa kurudi. Na waligundua jambo linalomhusu mdogo wako moja kwa moja. Kuokoka kwa ghafla, kwa machozi na moto mkubwa, hutokea zaidi kwa watu ambao utotoni hawakupata usalama kwa wazazi wao. Imani ya watu hao huweza kupanda kwa kasi, na huweza kushuka kwa kasi vile vile. Kwa hiyo ile miezi minne haikuwa maigizo. Alimpata Yule ambaye maisha yake yote alikuwa akimtafuta, na nakusihi usikubali mtu yeyote akuambie kwamba hakuokoka kweli kwa kuwa alianguka.

Alichokosa ni kitu kingine. Mtu aliyefundishwa na maisha kwamba wanaompenda humwacha atatarajia hivyo hivyo kwa Mungu. Anaimba Jumapili kwamba Mungu hamwachi, na Jumanne akivuta kete moja anaamini kwamba tayari ameachwa. Hatarudi kanisani kuomba msaada. Atajificha, na mafichoni kuna unga. Hukuniandikia kilichotokea wiki ile aliporudi maskani. Natamani ningejua nani alimfuata, na alimwambia nini. Kwa maoni yangu wiki ile ilikuwa na uzito kuliko ile ya mkutano wa injili.

Nikupe mfano wa mtu mmoja. Bill Wilson, Mmarekani, wazazi wake walitengana akiwa mtoto, akaachwa yeye na dada yake kwa babu na bibi upande wa mama. Alipokuwa mtu mzima pombe ilimla hadi karibu na kaburi. Desemba 1934, akiwa hospitalini New York, alimlilia Mungu na akapata tukio ambalo alilisimulia maisha yake yote kuwa lilimgeuza. Hakunywa tena. Lakini Mei 1935 alikuwa hotelini katika mji wa Akron, Ohio, biashara imemharibikia, peke yake, na sauti za watu wa baa zikimvuta. Hakujifungia chumbani kukumbuka lile tukio. Alikwenda kwenye simu, akaanza kupigia wachungaji wa mji ule akiomba wamkutanishe na mlevi mwingine azungumze naye. Simu hizo zilimfikisha kwa daktari mmoja mlevi, Bob Smith, na kutokana na wawili hao kukaa na kuongea likazaliwa kundi la walevi wanaosaidiana ambalo leo liko karibu dunia nzima. Wanahesabu mwanzo wake kuwa 10 Juni 1935. Mungu alimgusa Wilson hospitalini, hilo siwezi kulipinga. Miezi mitano baadaye alimshika kwa mkono wa binadamu mwenzake.

Yakobo aliandika hivyo kitambo: "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Ninyi kwa ninyi. Makanisa yetu yana nguvu kwenye kuombea, lakini kuungama ninyi kwa ninyi kumebaki kwa wachache, kwa kuwa anayeungama anaogopa kuwa mada ya mahubiri ya wiki inayofuata. Mdogo wako anahitaji watu wawili au watatu, wanaume wazima, wanaotunza siri, ambao anaweza kuwapigia saa nne usiku na kusema "leo nimetamani," au hata "leo nimetumia," na wakaja. Wasije na mafuta ya upako peke yake. Waje na chakula, wakae. Kwa kuja kwao mara ya kwanza, ya tano na ya kumi na tano, moyo wake utaanza kuamini kwamba kuna asiyeondoka. Mfungamano ulioharibika utotoni unaweza kujengwa ukubwani. Nimeona ukijengwa. Unajengwa polepole, na aghalabu siku ya kuanguka hujenga kuliko siku ya kushinda.

Kwa hiyo imani inaponya, dada yangu, hamjidanganyi. Inaponya ikiwa ni mahali pa kurudi. Ikigeuka mtihani ambao mtu akifeli anafukuzwa, inakuwa mmoja zaidi kati ya wale waliomwacha.

Na methadoni haipingani na hili hata kidogo. Mtu mwenye arosto hawezi kufungamana na mtu wala kusikia neno. Masikio yake yote yako kwenye mifupa yake. Dawa inampa utulivu wa kukaa kwenye benchi saa mbili. Eliya alipokimbia jangwani na kuomba afe, katika Wafalme wa Kwanza sura ya 19, malaika hakuanza kwa kumhubiria wala kumfungisha. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena, kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Ile sauti ndogo ilikuja baadaye.

Mchungaji wako usigombane naye. Wengi wanaosema hivyo wanasema kwa uchungu, wamezika vijana, na hawajawahi kuelezwa. Mwombe jambo moja: asubuhi moja amsindikize mdogo wako kliniki, kwa ruhusa ya kijana mwenyewe. Ataona foleni, vijana na wasichana wachache, wengine na sare za kazi. Kila mmoja anafika dirishani, anatambuliwa, muuguzi anampimia dawa kwenye kikombe kidogo, anaimeza mbele yake, anakunywa maji, anasema maneno mawili matatu ili ionekane amemeza. Kisha anaulizwa: umelala? umekula? mtoto anaendeleaje? Kesho anarudi kwa dirisha lile lile na sura ile ile. Kuna vijana kwenye foleni ile ambao hiyo ndiyo salamu ya kwanza ya kila siku waliyoipata tangu wakiwa wadogo. Mchungaji akishaona, muulizeni kama angewaambia washirika wake wenye kisukari waache dawa kabla ya Pasaka. Nadhani mtaelewana. Asipokubali kabisa, na akaendelea kumshinikiza kijana aache, mdogo wako atafutiwe kanisa jingine, na ninasema hivyo nikijua uzito wake.

Nije kwako. Umeandika umechoka hata kuomba, kisha ukafunga barua kana kwamba umeungama kosa. Katika mfano wa mwana mpotevu sisi tunakimbilia pale baba anapomwona mwanawe akiwa angali mbali, akaenda mbio akamwangukia shingoni. Lakini kuna ndugu mkubwa, amekaa nje na hasira yake, amefanya kazi miaka yote na hakuna aliyemchinjia hata mwana-mbuzi. Baba alitoka nje kwa ajili yake pia. Hakumkemea. Alimsihi. Nawe ulikuwa mtoto katika nyumba ile ile, mama alikuacha wewe pia, na huenda umekuwa mama tangu ukiwa na miaka saba. Tafuta mtu wa kukusikiliza wewe, na mimi nisingeanza na masuala ya mdogo wako, ningeanza na yako.

Na utambue kwamba kumpenda si kumpa kila kitu. Baba yule hakutuma pesa nchi ya mbali. Usimpe fedha mkononi. Mpe nauli ya kliniki kwa namna ambayo mmekubaliana, mpe sahani ya chakula saa ile ile kila siku. Akiiba, sema ameiba, na mlango wa chumba chako uwe na kufuli. Akianguka, mwambie kwa maneno machache: najua umetumia, chakula kipo, kesho asubuhi tunaenda kliniki pamoja. Usianze hotuba usiku ule, hataikumbuka. Ukimkuta amelala haamki, anakoroma kwa shida, midomo imebadilika rangi, hiyo si ya kuombea nyumbani. Mlaze kwa ubavu na mkimbizeni hospitali, mseme wazi ametumia nini, kwa sababu kuna dawa, naloksoni, inayoweza kurudisha pumzi ikiwahiwa.

Suala la ushuhuda wa Pasaka nalijibu kwa ufupi: hapana, bado. Ushuhuda wa madhabahuni unamfunga mtu asiweze kuanguka hadharani, na asiyeweza kuanguka hadharani atateleza sirini. Kama kanisa linataka kumheshimu, limpe kazi ndogo inayohitaji afike kila wiki na ambayo akikosa mtu atauliza yuko wapi. Kupanga viti kabla ya ibada, kufunga vyombo vya kwaya, kufungua geti la watoto wa Sunday school. Kapu la sadaka asikabidhiwe kwa sasa, na aelezwe sababu ana kwa ana, na mtu mmoja, kwa upole, asije akaisikia kwa wengine.